Huu Si Mti, Ni Chakula cha Mbuzi

Mwanangu Nabwire,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za blanketi, sufuria, nauli na wanaume, tena kwa mpangilio huohuo, kwa hiyo mimi sitayarudia. Wewe uko Mundika unamuaga kukhu, bibi yako, na najua hatakuachilia kabla hujala kuku wake na kusikiliza maombi yake yote mawili, lile fupi na lile refu. Sasa ni saa kumi na moja jioni. Nimetoa kiti nje, nimekaa kando ya mstari wako wa kaliandra, daftari liko juu ya goti. Maua yanaanza kufunguka. Unajua tabia yao, yanangoja jua lipoe ndipo yatoe zile nyuzi nyekundu, na kesho ukiwa barabarani haya ya leo yatakuwa yamekwisha kulegea.

Nimeandika "mstari wako". Nimechukua miaka kumi na moja kufika hapo.

Barua hii utaikuta juu ya sanduku, si ndani yake, maana nataka uisome leo kabla hujalala. Ningeweza kukungoja tuzungumze, lakini mdomo wangu umekuangusha mbele za watu mara mbili, na mara zote mbili ulikuwepo ukisikia. Kalamu angalau haitazami nani amesimama karibu. Kuna jambo moja ninaloliogopa katika safari yako, nalo si chuo wala baridi ya huko Bonde la Ufa. Naogopa uondoke kesho ukiamini kwamba hapa nyumbani ulikuwa unapita tu.

Nianze na mbegu zenyewe. Wakati huo nilikuwa bado Malaba, kwenye mpaka wa Uganda, nafunga maturubai ya malori. Ulikuwa ukinipokea Jumamosi nikinuka dizeli, unaniambia nioge kwanza ndipo nikubebe. Kazi ile ilikuwa ya kungoja. Lori linafika, dereva anangoja karatasi zake, sisi tunamngoja dereva, na mvua inatungoja sote. Mtu akikaa miaka mingi mahali kama pale hudhani amejifunza subira. Mimi nilichojifunza ni kukasirika polepole.

Jumamosi moja sikuwa na cha kubeba nyumbani, hata sukari. Kulikuwa na mama mmoja wa upande wa Uganda aliyekuwa akileta matoke na kupumzika kwenye kivuli cha malori yetu. Aliniona nikizungukazunguka mfuko ukiwa mtupu, akafungua kitambaa chake, akanifungia mbegu kwenye kipande cha gazeti.

"Ssebo, usiende bure," akaniambia, yaani bwana kwa lugha ya kwao. "Hii peleka kwa madamu. Kaliandra. Mbuzi ikikula hii, maziwa inakuja yenyewe."

Nikafika nyumbani nikamkabidhi mama yako, nikasema ni zawadi kutoka Uganda, kwa sauti ya mtu aliyetoka Kampala. Mama yako aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akateleka chai isiyo na sukari. Wewe ndiye uliyezichukua. Ulikuwa na miaka tisa. Uliziloweka kwenye kikombe siku mbili, kama mama yako alivyosikia kwenye kikundi chao, ukazipanda kwenye pakiti tupu za maziwa, ukawa unazinywesha kwa mkebe uliotobolewa na msumari. Mvua ilipokolea, nyinyi wawili mkachimba mashimo kwenye mpaka wetu na baba yako mdogo Okumu, kutoka njiani mpaka chini kwenye kijito. Niliporudi wiki ile nilikuta miche imesimama, kimo cha kiganja, kila mmoja na kijiti chake cha kuegemea.

Sikupata hata muda wa kuipenda. Okumu alikuja na majirani wawili, mikono nyuma, akatembea na ule mstari wote hadi chini na kurudi.

"Kaka," akaniambia, "hii boma iko na mwanaume, ama ulimwacha Malaba?"

Wakacheka. Unajua mila yetu ingawa hakuna aliyekukalisha akakufundisha. Mwanamke hapandi mti. Akipanda, mwenye boma atakufa, ndivyo wazee wanavyosema. Nikiwaza sasa naona walichokuwa wakiogopa si kifo. Mti hukaa kuliko mtu, na aliyeupanda anaweza kusimama siku moja akasema hapa ni pangu. Ukiwa mpakani basi ndiyo hatari zaidi.

Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimekuja bila sukari, na watu walikuwa wananicheka kwangu. Nikainama nikaanza kung'oa. Hakuna aliyenituma. Okumu alikuwa anatania tu, na hata yeye aliacha kucheka kabla sijafika katikati. Niling'oa mpaka mche wa mwisho kule kijitoni. Nilipogeuka ulikuwa umesimama na mkebe wako, maji yanadondoka miguuni kwako, nawe ukaniuliza, "Baba, si ungeniuliza tu?"

Hukulia. Afadhali ungelia, ningepata cha kukukemea.

Mliiokota miche yote mkaitia kwenye karai, mkaifunika na gunia bichi. Kesho yake, kabla ya kanisa, nilitoka nje nikamkuta mama yako mpakani, kanga kiunoni, anairudisha kila mmoja kwenye shimo lake na wewe unaishikilia isimame wima. Okumu naye akatokea. Mama yako hakunyoosha hata mgongo.

"Shemeji, umeona mti wapi? Hii si mti. Hii ni chakula ya mbuzi."

Okumu alinitazama, mimi nikaitazama miche. Halafu akacheka mpaka akashika kiuno. "Kama ni chakula ya mbuzi, basi sawa," akasema, akaenda zake. Mambo yakaishia hapo. Mtu pekee aliyebaki hajui pa kuuweka uso ni mimi, na mpaka leo sijawahi kukuambia pole. Pole, mwanangu. Nilikukosea, na nilijua nakukosea wakati mikono yangu inaendelea.

Kaliandra haipendi kusumbuliwa mizizi. Mingi ilikauka, ikapona kumi na tisa. Ungedhani baada ya hapo ningekaa mbali nayo. Lakini mwaka uliofuata goti langu lilikataa malori, nikarudi nyumbani kabisa, na mtu asiye na kazi hutafuta cha kuamrisha. Kiangazi cha Januari kiliposhika, yule mbuzi wetu Madamu alikuwa amezaa pacha na majani yote yamekauka. Mstari wako peke yake ulikuwa wa kijani, umefika kifuani kwangu. Nikachukua panga.

"Bado, Baba," ukaniambia. "Mama alisema imalize mwaka, ishike chini kwanza."

Nikakujibu kwamba mtoto hamfundishi baba yake kukata majani. Nikaikata karibu na udongo, kama mtu anavyokata majani ya napia. Madamu alishiba siku tatu. Kisha jua likapiga vile visiki, na vitano havikuchipua tena. Nilidhani kilicho kibichi juu kimekwisha kuwa tayari. Sikujua kwamba mwaka wa kwanza mmea ule kazi yake iko chini, mahali ambapo hakuna anayeiona. Usiogope, sitakulinganisha na mmea. Kanisani wako wa kutosha watakaokufanyia hivyo kesho kutwa katika maombi.

Tangu siku ile panga likawa lako, na mimi nikawa mwanafunzi, ingawa sikukubali kuitwa hivyo. Ulikuwa unakata usawa wa kiuno chako, hushuki chini ya hapo. Kila kisiki ulikiachia tawi moja lenye majani, ukasema kinapumulia hilo. Mkato mkubwa ulingoja mvua. Ulimchanganyia Madamu kaliandra kidogo na napia nyingi, tena ikiwa mbichi, maana ikinyauka alikuwa anainusa na kugeuza kichwa kama jina lake. Na mbegu ulizichuma asubuhi, maganda yakiwa ya kahawia, kabla jua halijayapasua. Mimi nilizembea mara moja tu, nikakaa pale kibarazani nikiyasikiliza yakilia tak, tak, mbegu zinarukia kwa Okumu. Ndiyo maana naye ana kaliandra leo, na hakuwahi kupanda hata moja.

Halafu wakaja wale maofisa wa kilimo. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Walipita njiani, wakaona mstari mzima umewaka maua mekundu, nyuki wamejaa, Madamu na wanawe wamenenepa, wakaingia. Mmoja wao akauliza, "Mzee, hii ni kazi ya nani?" Wewe ulikuwa umesimama hatua tatu kutoka kwangu, umebeba mzigo wa majani uliotoka kuukata. Nikasema, "Ni yangu."

Sijui kwa nini nilisema. Hapana, najua. Ilikuwa tamu. Tangu nitoke Malaba hakuna mtu aliyekuwa ameniita mzee kwa heshima namna ile. Wakanipiga picha nimeshika tawi, wakaileta baadaye ikiwa na fremu, na watu wakaanza kuja kutoka Matayos kuona kaliandra ya Wandera. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda mbali, mwanangu, ilikwenda miaka mitano. Mama yako siku ile aliniletea chai ikiwa baridi. Na wewe ulikuwa ukiipangusa vumbi ile picha kila Jumamosi, kioo na fremu, unairudisha ukutani ikiwa imenyooka. Nilikuwa nakaa kwenye kiti naangalia mkono wako ukipita juu ya uso wangu. Ningependa kusema niliona aibu. Nilikuwa nafungua redio.

Ukinyamaza mara ya kwanza, mara ya pili huja yenyewe bila kuitwa. Hilo nimejifunza kwa gharama, na nakuachia kama lilivyo.

Kwa sababu mara ya pili ilikuja Jumapili ile baada ya barua yako ya chuo kufika. Okumu alikuja na mpango wake wa miwa. Aling'ang'ania tuunganishe kipande chake cha chini na chetu, tung'oe mstari wote, trekta ipite. Wewe ulikuwa unatumiminia chai. Akasema, bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Msichana akienda, ameenda. Huyu ataolewa huko. Hii majani tunawekea nani?" Nikapokea kikombe changu. Nilikuwa na neno mdomoni, nikalimeza pamoja na chai. Ulimaliza kumimina, ukauliza kama kuna anayetaka kuongezewa, ukarudi jikoni.

Hujaniuliza chochote tangu siku ile. Umefungasha, umefua, umeninyoa nywele, umecheka na mama yako. Juzi nilikuona unapita mpakani unagusa kila kisiki kwa kiganja, mmoja mmoja, kama mtu anayeaga watu waliokaa kwenye benchi. Nilirudi ndani nikalala mchana, kitu nisichofanya.

Sasa nikuambie cha leo. Ulipoondoka kwenda Mundika nilimwita Okumu, nikamwita na liguru wetu, maana jambo la mpaka lisiposemwa mbele ya mzee wa kijiji ni porojo tu. Tukasimama hapa nilipokaa. Nikawaambia kwamba kaliandra hii si ya Wandera. Aliipanda Nabwire, mimi niliing'oa, nikaikata vibaya, nikaiua mingine, kisha nikajiita mwenye mali.

Liguru alivua kofia akajikuna. "Wandera, haya maneno ukisema leo, haiwezi rudi mdomoni."

"Ndiyo maana nimekuita."

"Uko na shahidi? Mama ya huyo mtoto sitamhesabu, huyo ni upande wake."

Nikamwambia ainame. Nikamwonyesha kisiki cha kwanza. Chini kabisa, karibu na udongo, kuna kovu la panga langu. Juu yake, usawa wa paja langu, kuna kifundo, mahali palipokatwa tena na tena mpaka pakavimba. Juu yake kuna kingine. Kisha kingine, mpaka hiki cha juu kinachofika kiunoni kwa mtu mzima. Mzee yule alitembea na mstari wote, anapapasa. Vifundo viko kwenye kila kisiki, kwa kimo kilekile.

"Ni nani mtu mkubwa wa kuinama hivi miaka yote?" nikamuuliza. "Alikuwa anakata usawa wa kiuno chake. Hapa alikuwa darasa la nne. Hapa la sita. Hapa ni mwaka ule alirefuka ghafla, tukamnunulia sketi mbili."

Liguru akasema, "Huyu mtoto amejipima hapa." Akarudisha kofia kichwani.

Nikaongeza lililobaki. Kipande cha chini, kuanzia mstari huu mpaka kijitoni, ni chako. Uolewe usiolewe, urudi usirudi, ulime au ukiache nyasi. Sheria ya nchi ilikwisha kukubali kitambo, mdomo wangu ndio uliokuwa umechelewa. Tutakiandikisha ipasavyo ukija likizo, mimi na wewe, na mama yako akiwepo ili nisikosee. Okumu alinuna. Alisema, "Kaka, umeleta shida kwa boma," na sitakuficha kwamba aliondoka bila kuaga. Atarudi. Ni ndugu yangu, na mbuzi wake wanakula kaliandra yako.

Sitaki haya yakufunge mguu. Sikukupa shamba ili urudi kulilima. Nenda usome mifugo mpaka uchoke, ukae huko ukipenda, uvuke hata mpaka ukafanye kazi Uganda, ukimwona yule mama wa matoke umwambie ssebo wake hakwenda bure. Nataka tu siku utakayokuja nyumbani uingie bila kupiga hodi. Binti yangu asiwe mgeni kwenye boma ambalo amelilisha. Nakupenda, Nabwire. Kwetu huku baba hasemi hivyo, husema "umekula?" Kwa miaka ishirini nimekuuliza kama umekula.

Ile picha nimeitoa ukutani. Fremu ni nzuri, mtaweka yako.

Jambo la mwisho ni la kesho asubuhi. Gari lako ni saa mbili, lakini uamke mapema kidogo. Hapa mwisho wa mstari, upande wa njiani ambako kila mtu anapita, nimechimba shimo. Kando yake kuna mche wa lusiola kwenye mfuko, nimeutoa kwa liguru mwenyewe. Lusiola unaujua, ni ule wa maua ya njano, wa nguzo za nyumba. Huo hauliwi na mbuzi. Hakuna mtu katika kijiji chetu kizima cha Busibwabo atakayesema si mti.

Uje uupande wewe, mwanamke, mpakani, mchana kweupe. Okumu atakuwa anapeleka ng'ombe majini saa hiyo, na ataona. Wanasema mwenye boma atakufa. Ni kweli nitakufa, siku yangu ikifika, na utakuja kunizika ukipitia chini ya kivuli chake. Mama yako ameshasema ataleta maji. Mimi nitaushika mche usimame wima, kama wewe ulivyoishika ile siku ya Jumapili, na wewe ndiye utakayefukia udongo.

Safari hii sitang'oa.

Baba yako,
Wandera